MALI BILA DAFTARI: TUULIZE KUHUSU TURKWEL



Katika korongo la Turkwel, Pokot Magharibi, umesimama ukuta wa saruji ambao kimo chake ni mita 153. Umejengwa kwa umbo la tao, hivi kwamba maji yanapousukuma, nao huegemea miamba ya milima iliyo kandoni na kuzidi kujikaza. Mto utokao Mlima Elgon umezuiliwa hapo, na mitambo yake yaweza kutoa megawati 106 za umeme. Hiyo ni kazi ya wahandisi na vibarua, nasi hatuidharau.

Lakini wako wanaotaka urithi huu usifiwe tu, usiulizwe. Hapo twakataa! Kandarasi ilipewa kampuni ya Kifaransa, Spie Batignolles, mwaka 1986, pasipo zabuni ya ushindani wa kimataifa. Mwaka uo huo mwakilishi wa Jumuiya ya Ulaya jijini Nairobi aliandika kwamba bei hiyo ilizidi maradufu ile ambayo ushindani ungeleta. Waraka wake ulivuja, na dunia ikausoma.

Nani angethubutu kuuliza? Tangu 1982 sheria ilikitambua chama kimoja tu, KANU, na wakosoaji waliijua njia ya kizuizini. Umeme ulianza kutoka mwaka 1991. Kifungu cha 2(A) kilifutwa Desemba mwaka uo huo. Deni lilitangulia, sauti ikafuata. Nao umeme ulipelekwa kwa nyaya hadi Lessos, manyatta nyingi za Wapokot zikibaki gizani kwa miaka.

Wakristo, Luka 14 yamtaja mjenzi wa mnara apasaye kuketi kwanza akadirie gharama. Mjenzi aliyeficha hesabu asilipiwe na maskini tusimwite mwenye hekima.

Leo hatuna udhuru wa kunyamaza. Katiba ya 2010, kifungu cha 35, yampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa Serikali. Kifungu cha 227 chaagiza ununuzi wa umma uwe wa haki, wa wazi na wa ushindani. Basi kamati za haki na amani parokiani ziandike, ziulize: mkataba u wapi? Mkopo ulilipwaje? Bwawa lijalo litapimwa kwa majibu hayo.

Wahenga walituonya: mali bila daftari hupotea bila habari. Ukuta tumeuona. Sasa twataka daftari.