JE, MUISLAMU ANUNUE KANISA LILILOFUNGWA AKAKAE NA WANAWE?

Bismillahir Rahmanir Rahim.



Dada yetu mmoja anayeishi Uingereza ameuliza. Yeye na mumewe wana watoto wanne. Kijijini karibu na kazi ya mume kuna kanisa dogo la zamani linauzwa, halijasaliwa miaka mingi, na wao wanataka kulinunua waligeuze nyumba. Mama mkwe kakataa kata kata. Anasema: "Mtalalaje mahali palipoinamiwa msalaba?" Nilipolitaja swali hili darsani baada ya Maghrib, baadhi ya vijana wakapiga takbira. "Wamekwisha hao!" Basi leo nina maneno na mama mkwe, na nina maneno na wapiga takbira.

Kwanza tujue linauzwa vipi, kwa sababu huku kwetu mtu akisikia "kanisa lililoachwa" anadhani ni kama embe lililoanguka njiani. Sivyo. Kanisa la Anglikana la Uingereza halifungi jengo lake hivi hivi. Kuna sheria, ya sasa ni ya mwaka 2011 na kabla yake ilikuwako ya 1983. Waumini wa mtaa huulizwa, mwenye pingamizi huandika, kisha jengo likifungwa rasmi ndipo hutafutiwa matumizi mengine, na likiuzwa mkataba huja na masharti. Wamethodisti, Wabaptisti na wengineo wana makanisa yao chini ya wadhamini, na wakibaki wazee watano wasioweza kutengeneza paa, huuza. Wales ndiko utayaona mengi. Karne ya 19, wakati wa machimbo ya makaa ya mawe, kijiji kimoja kiliweza kuwa na makanisa matatu au manne ya madhehebu mbalimbali, yenye majina kama Bethel na Ebenezer juu ya mlango. Machimbo yakafungwa, vijana wakaondoka, na wengi waliobaki wakaacha kusali.

Kwa hiyo mwenye mali anauza kwa hiari yake, na mnunuzi ananunua kwa hiari yake. Sharti la kuridhiana katika biashara limo katika Suratun-Nisaa aya ya 29.

Hapa mwanafunzi wa dini anaweza kuniuliza: Sheikh, si katika mkataba wa Khalifa 'Umar (r.a.) na watu wa Iliya, yaani Baytul Maqdis, iliandikwa kwamba makanisa yao hayatakaliwa wala hayatabomolewa? Naam, imo katika Tarikh ya Imam At-Tabari, na neno "hayatakaliwa" limo humo kwa uwazi. Lakini tazama lilisemwa kwa nani. Lilisemwa kwa jeshi lililoshinda, lililokuwa linaingia mji likiwa na silaha mkononi. 'Umar aliwafunga mikono Waislamu wasiingie kanisa la mtu wakatandika mikeka yao humo kwa nguvu. Wenyewe wakiuza, suala linakuwa jingine. Mimi naona mkataba ule ni dalili nzuri kwa dada yetu: unatufundisha kwamba kulikaa kanisa bila ya ridhaa ya wenyewe ni dhulma, kwa hiyo tusome kwa makini ridhaa hiyo imeandikwaje kwenye karatasi.

Sasa mama mkwe. Ardhi yote amefanyiwa Mtume wetu (s.a.w.) kuwa msikiti na yenye kutwahirisha, na hadithi yake iko kwa Bukhari na Muslim. Imam An-Nasai amepokea kutoka kwa Talq bin 'Ali (r.a.) kwamba ujumbe wa kabila lake ulimweleza Mtume kuwa kwao kuna kanisa, naye akawaamuru walivunje, wapanyunyizie mahali pale maji aliyowapa, kisha wapafanye msikiti. Imam Bukhari ameweka mlango mzima wa kuswali kanisani, na humo ametaja kwamba Ibn 'Abbas (r.a.) alikuwa akiswali humo isipokuwa lenye masanamu. Ikiwa paliposaliwa na Wakristo panafaa kusujudiwa, basi vipi pasifae kulala mtoto? Kuta hazibebi shirki. Mawe ni mawe, na mbao ni mbao.

Ila mama mkwe asidhani tumempuuza, kwani ana sehemu yake ya haki. Bibi 'Aisha (r.a.) amesimulia kwamba Mtume hakuwa akiacha nyumbani kwake kitu chenye alama ya msalaba ila huiondoa. Na Abu Talha (r.a.) amepokea kwamba Malaika hawaingii nyumba yenye mbwa au sura. Kwa hiyo msalaba wa juu ya paa, wa juu ya mlango, uliochongwa kwenye mabenchi, vyote hivyo viondolewe kabla ya kitanda cha kwanza kuingia. Na viondolewe kwa adabu. Virudishiwe wenyewe, kwani wengi hufurahi kuvipata.

Kuna jambo ambalo wengi hawalijui. Makanisa mengi ya zamani kule yanalindwa na sheria kama majengo ya kihistoria. Ukishanunua, huna ruhusa ya kung'oa dirisha au msalaba wa mawe kwa matakwa yako. Huomba idhini kwa halmashauri, na ukibomoa bila idhini ni kosa la jinai. Na madirisha yale makubwa ya vioo vya rangi aghlabu yana sura za watu, hata sura wanazodai ni za Nabii 'Isa ('alayhis salaam). Dada yangu, uliza hili kabla ya kulipa hata senti. Kama kioo hakiruhusiwi kuondolewa, je, kinaweza kufunikwa kwa pazia zito au kwa ukuta mwepesi wa ndani? Kikifunikika, alhamdulillah. Kisipofunikika, achaneni na jengo hilo. Kununua kwa nia ya kuja kuvunja usiku si njia, maana Waislamu hushikamana na masharti waliyoyakubali.

Na fikirini na swala. Kanisa la kale la Kianglikana aghlabu madhabahu yake iko upande wa mashariki, na upande wa kibla kwa aliye Uingereza ni kusini mashariki. Maana yake mkiswali sebuleni mtakuwa mmeelekea karibu na lile dirisha kubwa kuliko yote. Mtume (s.a.w.) alimwambia Bibi 'Aisha aliondoe pazia lake lenye picha kwa sababu lilikuwa likimshughulisha katika swala. Hilo lilikuwa pazia tu, itakuwaje ukuta mzima wa rangi unaowashwa na jua? Tengenezeni chumba cha kuswalia mbali na dirisha hilo.

Nije kwa wapiga takbira.

Wanangu, nani kawaambia jengo likibadilika matumizi basi dini imeshinda? Pale London, mtaa wa Brick Lane, kuna msikiti ambao jengo lake lilijengwa mwaka 1743 kama kanisa la Waprotestanti waliokimbia Ufaransa. Baadaye likawa la Wamethodisti, kisha likawa sinagogi la Mayahudi, na mwaka 1976 likawa msikiti. Kila waliotangulia walidhani wamefika. Na msikiti wa Cordoba, Andalusia, je? Tangu mwaka 1236 ni kanisa, na Muislamu anayeingia pale huingia kama mtalii. Tukisimulia habari ile tunalia. Basi tusicheke wengine wakilia.

Wala si lazima kwenda Andalusia. Nendeni Gede karibu na Malindi, mkaone msikiti mkuu na mihrabu yake na visima vyake vya udhu, miti mikubwa imeota pembeni. Nendeni Kilwa Kisiwani. Ibn Battuta alifika Kilwa mwaka 1331 akausifu mji na dini ya watu wake. Leo anayeingia msikiti mkuu wa kale pale anaingia na mwongoza watalii.

Tofauti yetu na wao katika hili ni ya fiqhi. Kwetu sisi Mashafi'i, msikiti ukishawekwa wakfu hauuzwi, hata ukianguka ukabaki msingi. Wafuasi wa Imam Ahmad wameruhusu kuuuza pale manufaa yake yanapokatika kabisa, thamani yake ikawekwe katika msikiti mwingine.  Wao wana utaratibu wao, na mwenye kuuza chake kwa utaratibu wake hafanyiwi kejeli.

Narudi kwa dada yetu, maana yapo mawili bado.

La kwanza ni fedha. Jengo lenye dari ya juu namna ile ni baridi, kupasha joto ni gharama, na kuweka sakafu ya pili ndani yake ni kazi ya mafundi maalumu. Msije mkaingia riba kwa ajili yake. Najua Baraza la Ulaya la Fat'wa na Utafiti liliruhusu mwaka 1999 mkopo wa nyumba kwa mwenye haja na asiye na njia nyingine, na maulamaa wengine wakapinga. Hata ukiifuata fat'wa ile, haja yenyewe ni makazi, na nyumba ya kawaida inatosha haja hiyo.

La pili ni makaburi, na hapa ndipo nina uzito zaidi. Makanisa ya kale huko yana makaburi uani na mara nyingi hata chini ya sakafu, utaona majina kwenye mawe unayoyakanyaga. Mtume (s.a.w.) amekataza kukaa juu ya makaburi na kuyaelekea katika swala. Msikiti wake wa Madina ulijengwa mahali palipokuwa na makaburi ya washirikina, lakini yalifukuliwa kwanza. Kwa hiyo kama chini ya sakafu kuna maiti na hawatahamishwa kisheria, ushauri wangu ni kuliacha, hata liwe la bei ya bure. Yakiwa uani, nunueni jengo, uwanja ubaki na wenyewe. Sheria ya Uingereza tangu mwaka 1884 inakataza kujenga juu ya makaburi yasiyotumika tena, na ruhusa zilizoongezwa baadaye zina masharti yake. Msiegeshe gari hapo, watoto wasifanye uwanja wa mpira. Mkataba ukisema jamaa wa marehemu wana haki ya kupita kuzuru, hiyo ni haki yao juu yenu. Akija bibi kizee na maua yake, mfungulieni geti, na kama kuna baridi mkaribisheni chai.

Wallahu a'lam.