Kilwa tunayo mkoani mwetu

Sisi wa Nachingwea na Ruangwa tusisubiri nauli ya ndege kwenda Misri kuona magofu ya kale. Kilwa Kisiwani imo humu humu mkoani Lindi. Fika Kilwa Masoko, panda mashua, kisha ingia Msikiti Mkuu uone nguzo na kuba za mawe ya matumbawe, kazi ya enzi za biashara ya dhahabu ya Sofala. Msafiri Ibn Battuta alifika 1331, Wareno wakauvamia mji 1505, Waomani wakaja baadaye. Sarafu ya Kilwa imeokotwa hadi Zimbabwe Kuu! Inaniuma watoto wetu kumaliza kidato cha nne bila kuikanyaga Kilwa. Walimu, pangeni safari msimu wa korosho, wazazi wakiwa na pesa mkononi.