CHUPA YA SODA SI YA KUTIA SUMU

Ndugu wanachama na wanakijiji wote,

Nimeomba nafasi katika ubao wetu huu niseme neno moja juu ya duka letu la ushirika. Naomba msome mpaka mwisho, na asiyejua kusoma asomewe na mwenzake.

Wiki mbili zilizopita, mchana wa jua kali, mjukuu wangu wa miaka minne aliingia ndani ana kiu. Nyuma ya mlango akaona chupa ya soda, akaifungua. Mama yake alikuwa karibu, akamnyang'anya kabla haijafika mdomoni. Ndani ya chupa ile hamkuwa na soda. Ilikuwa parakwati, dawa ya kuua magugu. Niliinunua mimi mwenyewe dukani kwetu, ikapimwa na karani mbele ya macho yangu, katika chupa niliyokwenda nayo mwenyewe. Kwa hiyo kabla sijamlaumu mtu, najilaumu mimi.

Tuseme kweli, jamani. Mtoto yule hakuokolewa na akili yetu. Aliokolewa na bahati, na bahati haiji kila siku.

Dawa hii si ngeni duniani, ilianza kuuzwa mwaka 1962. Inakausha majani mabichi upesi, na ikigusa udongo inanaswa na udongo, nguvu yake inakwisha. Ndiyo maana tunaambiwa tusiichanganye na maji ya matope. Faida yake siikatai. Mwenye ekari tatu na mgongo mbovu kama wangu anaijua faida hiyo.

Lakini ubaya wake nao tuujue. Funda moja tu la dawa isiyochanganywa na maji linaweza kumwua mtu mzima. Mpaka leo hakuna dawa ya kuiondoa nguvu ikishaingia mwilini. Inaunguza mdomo na koo, halafu inaharibu figo, ini na mapafu. Tena ni sumu yenye hila. Aliyeimeza anaweza kuonekana ana nafuu, anaongea na watu, kumbe mapafu yanaharibika polepole, na baada ya siku kadhaa au majuma anashindwa kuvuta pumzi.

Zamani ilikuwa na rangi ya kahawia kama kola, na katika nchi mbalimbali watu waliinywa kwa kudhani ni kinywaji, hasa pale ilipotiwa katika chupa za vinywaji. Baadaye watengenezaji wakaitia rangi ya buluu, harufu mbaya na kitu cha kutapisha. Haya, mtoto wa miaka minne atajuaje kwamba buluu ni onyo? Kwake yeye hiyo ni soda ya aina mpya.

Wapo wanaosema, "Kosa ni la mzazi, aweke vitu vyake juu." Sikubaliani nao. Kopo la kiwandani lina kifuniko kigumu na karatasi yenye maonyo. Tukimimina dawa kwenye chupa ya soda, kifuniko na maonyo vinabaki dukani, nyumbani tunapeleka sumu tupu. Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa lilitoa kanuni zake za dawa za mashambani mwaka 1985, na kanuni hizo zinakataza kabisa kuhamishia dawa katika vyombo vya chakula au vinywaji. Sisi tunafanya hivyo kila msimu, tena kwa risiti!

Wengine wanasema, "Hatuna fedha za kununua kopo zima." Hilo ni kweli, na ndiyo sababu chupa za soda zimezoeleka. Lakini hivi, ushirika ni kitu gani kama si kufanya pamoja lile ambalo mmoja mmoja hatuliwezi? Mimi napendekeza hivi:

1. Duka lisipime tena dawa yoyote ya shamba katika chupa, kibuyu wala kopo la mafuta ya kula.

2. Makopo yakae stoo, katika sanduku lenye kufuli, mbali na unga na chumvi.

3. Tuchague wanachama wawili, bwana shamba awafundishe, wao ndio wanyunyize mashamba ya watu kwa zamu. Kila mtu alipie ekari zake. Dawa itoke stoo na kopo lake, na kinachobaki kirudi stoo siku ile ile.

4. Kopo likiisha lisuuzwe mara tatu, maji ya kusuuzia yamwagwe ndani ya bomba la kunyunyizia, kisha kopo litobolewe. Lisigeuzwe chombo cha maji.

Hao wawili wapewe glavu, mabuti na nguo za mikono mirefu. Bomba linalovuja mgongoni lisitumike, kwa sababu sumu hii inapita hata kwenye ngozi, hasa yenye vidonda.

Na kama ajali imetokea, tusipoteze muda. Ikimwagika mwilini, vua nguo, oga kwa maji mengi na sabuni. Ikiingia machoni, osha kwa maji safi kwa robo saa. Mtu akimeza, mkimbizeni hospitali saa ile ile, hata kama hana dalili yoyote, na mchukue kopo lenye karatasi yake ili mganga asome jina. Msimtapishe kwa maji ya chumvi. Maziwa nayo si dawa ya sumu hii, msikae mkitafuta maziwa.

Wenzetu wamekwisha amua. Uswisi iliipiga marufuku mwaka 1989. Katika Umoja wa Ulaya hairuhusiwi tangu mwaka 2007. Korea Kusini ilifuta usajili wake mwaka 2011, mwaka uliofuata ikazuia isiuzwe, na vifo vya sumu za mashambani vikapungua. Sisi hapa si bunge. Lakini duka ni letu, kufuli tunaweza kununua, na kura za mkutano mkuu ni zetu.

Neno la mwisho. Tumezoea kuiita "dawa", na mtoto anajua dawa ni kitu cha kunywa ukiumwa. Tuanze leo nyumbani kuiita kwa jina lake: sumu. Ile chupa yangu nimeirudisha stoo na kumkabidhi karani mkononi. Nawaomba wenye chupa kama hizo wazirudishe kabla ya mkutano, na siku ya mkutano tusimame tulipitishe jambo hili.

Ni mimi mwanachama mwenzenu,
Mzee wa kitongoji cha Bondeni