Sindano moja kwa mwaka nayo inatushinda?

Leo sina stori za boom wala za test. Leo nataka tugombane kidogo kuhusu mbwa.

Huko Ulaya na Marekani mbwa wanaugua kisukari. Msicheke, ni kweli. Kongosho inashindwa kutoa insulini, basi mwenye mbwa anamchoma sindano asubuhi na jioni, kila siku ya Mungu. Piga hesabu: sindano 730 kwa mwaka! Ndiyo maana madaktari wao wanawasisitizia wasimnenepeshe mbwa na wamtembeze. Ukisimulia hivyo hapa chuo utasikia, "wazungu wana hela za kuchezea". Haya, mbwa wa Karatu hahitaji 730. Anahitaji moja tu, ya kichaa cha mbwa, kila mwaka. Na hiyo moja tunaikwepa.

Nenda Rhotia, Mbulumbulu, Endabash, kila baada ya nyumba chache kuna mbwa. Vuka geti la Lodoare uende Nainokanoka au Endulen, mbwa ndiye anayebweka fisi akisogelea boma usiku. Analinda ng'ombe wa mamilioni, mshahara wake makombo ya ugali. Unene wa kumletea kisukari atautoa wapi? Halafu siku mmoja akipata kichaa akauma watu, jibu letu ni lile lile: bunduki, rungu, sumu. Ua wote!

Hapo ndipo ninapopinga. Kuua mbwa hakumalizi kichaa, na Shirika la Afya Duniani limeshalisema hilo wazi. Kinachomaliza ni kuchanja angalau asilimia 70 ya mbwa wa eneo, na kurudia, maana wapya wanazaliwa kila leo. Hao mnaowaita mbwa koko wengi wana wenyewe. Ukimuua leo, mwenyewe analeta kitoto kingine ambacho hakijachanjwa. Na huenda uliyemuua ndiye aliyekuwa na chanjo. Sasa hapo umemkomesha nani?

Mnataka mfano wa hapa hapa Tanzania? Pemba. Walichanja mbwa, kichaa kikatoweka 2014. Kikarudi 2016, wakachanja upya, na 2018 kikatoweka tena.

Najua mtasema vijijini hakuna friji. Utafiti uliofanywa kwa mbwa wa Tanzania na kuchapishwa 2016 ulionyesha kuwa chanjo moja ya kichaa iliyokaa miezi sita kwenye nyuzi joto 25 bado ilifanya kazi. Mtasema pia ni jukumu la serikali. Sawa, ilete chanjo bure mpaka kijiji cha mwisho, naunga mkono. Lakini siku ikitangazwa, nani anatoka na mbwa wake? Mara nyingi anayemvuta kwa kamba ni mtoto wa shule, na siku hiyo mwalimu anamtaka darasani. Mzee yupo kwenye mnada.

Na ninyi mnaojali watalii tu, kumbukeni 1994. Ugonjwa mwingine wa mbwa, distempa, uliua karibu theluthi ya simba wa Serengeti, na watafiti wakaelekeza kidole kwa mbwa wa vijiji vya jirani. Nao una chanjo.

Lakini mimi simba sio hoja yangu kubwa. Kichaa kinakadiriwa kuua watu 59,000 duniani kila mwaka, na karibu wanne katika kila kumi ni watoto chini ya miaka 15. Hao ndio wanafunzi wetu jamani! Kirusi kikishafika kwenye ubongo, mtoto akaanza kuogopa maji, hakuna dawa ya kumrudisha. Kabla ya hapo kuna nafasi: osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha hospitali siku ile ile akaanze chanjo. Sio kwa mganga, sio "tuone kwanza".

Kwa hiyo wana education wenzangu, mkipangiwa field msiende na lesson plan tu. Ulizeni bwana mifugo chanjo ni lini, na muombeni mwalimu mkuu watoto waruhusiwe saa mbili tu wapeleke mbwa. Fundisheni hizo dakika 15 hata kama hazipo kwenye silabasi. Mzungu anaweza 730. Sisi tushindwe moja?