Ilani: Kazi ya Mtu Ibaki na Jina Lake

Sisi wahariri wa majarida ya Kiswahili, wahakiki tusiolipwa, wakutubi na wanafunzi wa uzamili na uzamivu, tumeanzisha harakati hii kwa kuwa tumechoka kuona wizi wa kitaaluma ukipitishwa kwa muhuri.

Mwanafunzi anaingiza tasnifu kwenye Turnitin, programu ya kupima ufanano wa maandishi, inarudi na namba: asilimia 14. Msimamizi anashusha pumzi, idara inapitisha. Hakuna aliyeuliza hiyo 14 imetoka wapi, wala 86 iliyobaki ni ya nani. Programu hizi hulinganisha maneno na yaliyomo katika hazina zake. Hazijui nani aliwaza. Tasnifu zetu nyingi za zamani ziko rafuni tu, hazimo katika hazina hizo. Na Kiswahili kina mwanya wake: chukua sura ya kitabu cha Kiingereza, itafsiri aya kwa aya, mifano ya London igeuze ya Kariakoo, na mara nyingi ripoti itatoka safi. Kwa akili bandia, hiyo ni kazi ya dakika chache. Anayegundua ni mhakiki, tena kwa jambo dogo: makala ya kurasa kumi na mbili inayosema "kama tulivyoona katika sura ya tatu", na sura yenyewe haipo.

Ndivyo ilivyokuwa Ujerumani mwaka 2011: Waziri wa Ulinzi Karl-Theodor zu Guttenberg alivuliwa udaktari na Chuo Kikuu cha Bayreuth kwa kunakili kazi za wengine katika tasnifu yake, akajiuzulu. Aliyeanza kuona kasoro ni profesa wa sheria aliyekuwa akiihakiki tasnifu ile. Kisha watu wa kujitolea wakaipekua ukurasa kwa ukurasa. Walisoma, basi.

Nasi tunatamka kwamba tutasoma. Mhariri anayempitisha au kumkataa mtu kwa asilimia peke yake si mwenzetu. Wapo wanaokosea kwa kutofundishwa kurejelea. Hao wafundishwe tangu mwaka wa kwanza, wasisubiri kuaibishwa siku ya utetezi. Anayetuhumiwa aulizwe na asikilizwe kwanza, kama unavyoelekeza mwongozo wa COPE, kamati ya maadili ya uchapishaji iliyoanzishwa Uingereza mwaka 1997. Wizi ukithibitika, makala ibatilishwe hadharani: ibaki ilipo, na tangazo la kubatilishwa na sababu yake. Kuiondoa kimyakimya ni kumpa mwandishi nafasi ya kuombea cheo kwa makala hiyohiyo chuo kingine.

Na wakubwa je? Msimamizi anayechapisha sura ya mwanafunzi kwa jina lake, au anayejiweka mwandishi wa kwanza kwa hoja ya "mimi ndiye niliyekusimamia", ni mwizi yuleyule. Heshima ya ualimu isimkinge. Leo mwanafunzi huyo akalalamike wapi, iwapo mtuhumiwa ndiye mjumbe wa kamati? Tunadai kila chuo kiwe na dawati la malalamiko nje ya idara, na majarida yapokee rasimu zenye tarehe kuwa ushahidi. Hili tunajua litatupatia maadui wengi kuliko yote tuliyoyasema.

Mhariri, mhakiki, mwanafunzi: jiunge nasi kwa kuanza na makala iliyo mezani kwako wiki hii. Isome yote. Kisha chagua vyanzo vitatu vilivyotajwa, vifungue, linganisha.