Cheusi akiondoka, ng'ombe atarudisha nani?

Huyu Cheche wa Siri ya Mtungi angekuwa mtoto wa Mugumu, wazee wangeshamkalisha kikao! Tamthilia yenyewe ilianza kuonyeshwa 2012, ikapigwa kule Bagamoyo, lakini ukiiwasha kwenye kibanda chochote hapa mjini hukosi kasheshe. Kijana ni mpiga picha, nyumbani ana Cheusi wake, mke mzuri tu, lakini macho hayatulii.

Juzi nimeiona tena na washkaji. Kwenye vituko vya Cheche watu walicheka mpaka mabenchi yakalia. Mara likaja swali: Cheusi afunge virago au avumilie?

Wanaume wakadai avumilie, mbona Mzee Kizito ana wake zaidi ya mmoja? Dada mmoja muuza vitenge akawapa dozi: "Wake wa Kizito wanajulikana. Huyu anaiba!" Kimya.

Aliyenikata maini ni baba mmoja wa makamo. Alisema huku kwetu Mara dada akitaka kuondoka, kaka yake keshaoa kwa ng'ombe wale wale. Nani arudishe?

Mimi nasema hivi: Sheria ya Ndoa ya 1971 inapeleka ugomvi baraza la usuluhishi kwanza, kisha mahakamani. Haimwambii mtu akae kwenye moto eti ng'ombe wamekwisha. Kaka uliyeoa kwa mahari ya dada, ukimwona analia usimwambie vumilia. Anza kutafuta ndama!

Wewe je, unasemaje? Tukutane wiki ijayo.