Binamu zangu, msiliweke faili hilo kwenye folda ya pamoja

Leo sina habari za baridi wala theluji. Nina neno na binamu zangu wa zahanati.

Naambiwa mmenunua kompyuta nne, na mnataka kumbukumbu zote za wagonjwa na dawa ziwe ndani ya faili moja la Microsoft Access, likae kwenye folda ya pamoja, kila mtu alifungue kutoka mezani kwake. Eti ndiyo njia rahisi. Mimi ni nesi, si fundi, lakini nasema msifanye hivyo.

Chukueni mfano wa masjala. Ukitaka kadi ya mgonjwa unamwomba karani, anakuletea. Faili likiwa kwenye folda ya pamoja hakuna karani: kompyuta yako ndiyo inayopekua kabati, ukurasa kwa ukurasa, kupitia waya wa mtandao. Tuseme kila safari inachukua sehemu moja tu ya elfu ya sekunde. Kurasa 10,000 ni sekunde 10 umekaa unatazama kioo! Wodi moja niliyofanya kazi huku walikuwa na mpango huo huo. Saa ya kubadilishana zamu, sote tukiingia, mashine zinaganda.

Kuchelewa ni kero tu. Hatari ni mtandao kukatika katikati ya kuandika: faili zima linaweza kuharibika. Hata waliotengeneza SQLite, ambayo nayo huweka data kwenye faili moja, wanaonya kuhusu diski za mtandao, kwa sababu kufuli za mafaili huko mara nyingi haziaminiki.

Mtasema seva ni ghali. Programu za PostgreSQL na MariaDB ni za bure jamani! Teueni kompyuta moja iwe karani, data ikae kwenye diski yake ya ndani, na iwe na betri ya akiba umeme ukikatika. Zile tatu ziulize, zijibiwe. Folda ya pamoja ibaki ya barua, picha na nakala ya akiba ya kila usiku.

Nesi mwenye sindano mkononi akiuliza kama mgonjwa ana mzio wa penisilini, anahitaji jibu upesi, tena la kweli. Msimpe faili la kubahatisha.